Barua ya wazi kuhusu mbio za rekodi kutoka New York hadi California

Kwa waheshimiwa magavana na wabunge wa majimbo yaliyo kati ya New York na California. Makamanda wa polisi wa barabara kuu. Na wasimamizi wa mitandao ya video.

YAH: WANAOGEUZA BARABARA ZA UMMA KUWA UWANJA WA REKODI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu. Njia yangu ni ileile wanayoipenda watu nitakaowazungumzia, wale wanaoivuka Marekani kwa gari kutoka New York hadi California wakivunja sheria za mwendo ili waweke rekodi ya muda mfupi kuliko wote: barabara kuu ya I-70 kupitia Ohio, Indiana na Illinois, I-44 kuikata Missouri hadi Oklahoma, kisha I-40 moja kwa moja Texas, New Mexico na Arizona hadi California. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tuko wengi kwenye barabara hizi tunaozungumza lugha hii, kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na kwingineko, na nataka wenzangu waisome kabla nakala ya Kiingereza haijafika mezani kwenu.

Ninachoomba nakitaja mapema. Acheni kulichukulia jambo hili kama burudani ya wapenda magari ambayo haijamdhuru mtu. Ni kosa linalopangwa kwa miezi, linatekelezwa kwa vifaa vya kuwakwepa polisi, linarekodiwa mwanzo hadi mwisho, kisha linatangazwa hadharani na mwenye kulifanya anashangiliwa. Na katika hatua zote hizo, hakuna mahali ambapo sisi wengine tuliokuwa barabarani tuliulizwa kama tunakubali.

Historia yake naieleza kwa ufupi kwa faida ya wasomaji. Mwaka 1933 Erwin Baker, aliyejulikana kwa jina la Cannon Ball, aliendesha kutoka New York hadi Los Angeles kwa saa 53 na nusu, barabara kuu za leo zikiwa hazijajengwa. Mwaka 1971 Brock Yates, mwandishi wa jarida la Car and Driver, alianzisha mbio zilizobeba jina la mzee huyo, na Novemba ya mwaka huo yeye na dereva bingwa Dan Gurney wakavuka nchi ndani ya Ferrari kwa saa 35 na dakika 54. Ilikuwa namna ya kusherehekea barabara mpya na kuzipinga sheria za mwendo. Mwaka 1974 likaja katazo la taifa zima la kuzidi maili 55 kwa saa, kwa sababu ya uhaba wa mafuta, na washiriki wakapata sababu nyingine ya kujiona wapinzani wa dola. Katika mbio za mwisho za Yates, mwaka 1979, washindi walitumia saa 32 na dakika 51. Filamu zikatengenezwa, watu wakacheka, na jambo likaingia kwenye hadithi za taifa kama utundu wa vijana.

Hapo ndipo wengi wanapoishia kuifikiria. Lakini tazameni ilikofika. Mwaka 2006 saa zilishuka hadi 31 na dakika 4. Mwaka 2013, saa 28 na dakika 50. Novemba 2019, saa 27 na dakika 25, kwa kasi ya juu iliyofika maili 193 kwa saa, yaani karibu kilomita 311. Mwaka 2020, saa 25 na dakika 39, wastani wa maili 110 kwa saa. Majina ya hawa wa karibuni nayaacha kwa makusudi. Sifa wameshapewa za kutosha.

Wastani wa maili 110 ni pamoja na kusimama kujaza mafuta, na pamoja na kupunguza mwendo mijini na kwenye ukarabati. Ili uupate, inabidi ukae juu yake mno kwa muda mrefu mno, mchana na usiku, katikati ya watu wanaokwenda maili 65 au 75 kama kibao kinavyosema.

Niruhusuni niwaonyeshe jambo hilo lilivyo kutoka kwenye kiti changu, maana nadhani mezani halionekani.

Ni usiku, I-40, New Mexico, mahali ambapo barabara inapanda taratibu na lori lililo mbele yangu limeelemewa na mzigo, limewasha taa za tahadhari, linakwenda maili 45. Mimi niko 65. Natakiwa kuhamia njia ya kushoto. Natazama kioo cha kushoto, kile bapa, na nyuma kabisa naona nukta ya mwanga ambayo bado haijagawanyika kuwa taa mbili. Mwanga wa namna hiyo naujua: ni gari lililo mbali, nusu kilomita au zaidi. Nikiwasha indiketa sasa na kuanza kuhama, kuliingiza trela lote kwenye njia ya pili kutanichukua kama sekunde kumi. Gari la nyuma likiwa linakwenda maili 75, katika sekunde hizo litakuwa limenikaribia kwa mita 45 hivi. Nafasi ipo tele. Nahama.

Sasa lile la nyuma liwe linakwenda maili 175 kwa saa, kasi ambayo hawa watu wenyewe wameitaja kwa fahari. Katika sekunde zilezile kumi litanikaribia kwa karibu mita 490. Ule mwanga niliouona mbali, wakati nimemaliza kuhama, uko kwenye bampa la trela langu. Dereva wake akishtuka na kukanyaga breki nzuri kuliko zote duniani, kwenye lami kavu, tangu ashtuke hadi asimame atakula mamia ya mita. Hana mita hizo. Na nguvu anayokuja nayo ni zaidi ya mara sita ya ile ambayo angekuwa nayo akienda maili 70, kwa sababu nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo.

Katika mfano huo sijafanya kosa. Nimetazama, nimekadiria, nimetoa ishara, nimehama. Kila dereva hufanya hivyo mara nyingi kwa siku, na makadirio yake yote yamesimama juu ya imani moja: kwamba anayekuja nyuma anakwenda mwendo unaokaribiana na wa wengine. Mtu akija kwa mwendo wa ndege inayoanza kupaa, anazigeuza hesabu za watu wote waliomtangulia kuwa za uongo bila wao kujua. Hicho ndicho ninachotaka mkione. Wakijitetea kwamba ni madereva stadi, nakubali. Kwamba magari yao yamekaguliwa kila nati, nakubali. Kwamba wana kamera ya joto juu ya paa inayomwona kulungu gizani kabla macho hayajamwona, nakubali pia. Lakini kamera hiyo haioni nia yangu ya kuhama njia. Haimwoni mama anayetaka kutoka kwenye njia ya kushoto kwa sababu mtoto analia nyuma. Haioni foleni iliyosimama ng'ambo ya kilima wala kipande cha tairi la lori kilicholala katikati ya barabara baada ya kona.

Wanasema: mbona hakuna aliyekufa? Nimeisikia hoja hii hata kwa madereva wenzangu, na inanisikitisha kila mara. Waliopita salama ndio wanaotangaza rekodi. Safari zilizoharibika haziwi rekodi. Hata kwenye mbio za miaka ya sabini, gari moja la mwaka 1972 lilipata ajali baada ya dereva wake kusinzia. Na mnaotaka kujua mambo huishia vipi, angalieni Macedonia mwaka 2007. Msafara wa magari ya kifahari wa Gumball 3000, ambao waandaaji wake husema si mashindano, ulipita huko. Porsche ya msafara ikagongana na Volkswagen Golf ya wazee wawili wenyeji, mume na mke. Wote wawili walifariki. Hawakuwa wamejiandikisha popote. Walikuwa wanapita tu kwenye barabara ya nchi yao.

Nije kwenye sheria, kwa sababu hapa kuna jambo linalotuuma sisi wa malori kwa namna ya pekee.

Mimi nikizidisha maili 15 juu ya kibao, kwenye leseni yangu hilo ni kosa zito. Makosa ya namna hiyo mawili ndani ya miaka mitatu, nafungiwa kuendesha lori siku 60, na siku 60 bila kuendesha ni siku 60 bila chakula nyumbani. Kifaa cha kunusa rada ya polisi ni marufuku ndani ya lori nchi nzima. Saa zangu za kuendesha zinahesabiwa na mashine iliyounganishwa na injini: 11 kwa siku, kisha kupumzika 10. Safari kama yao, ya maili 2,800, mimi peke yangu nikifuata sheria naimaliza siku ya tano. Silalamikii masharti hayo. Yamewekwa kwa sababu lori la pauni 80,000 linaua, na usingizi unaua, nami nimeona kandokando ya barabara vitu ambavyo sitaviandika hapa.

Lakini ukiliacha lori na kuingia kwenye gari dogo lenye matangi ya ziada ya mafuta, ndani ya sehemu ya abiria au buti, unaruhusiwa na mazoea yetu kuzidisha maili 100 badala ya 15. Unafunga kinusa rada, kizuia leza ya polisi ya kupimia mwendo, redio ya kusikiliza polisi, darubini kwa abiria wa mbele, swichi ya kuzima taa za breki ili askari asijue umepunguza. Gari lililovunja rekodi mwaka 2020 lilikuwa Audi iliyobadilishwa mwonekano ifanane na gari la polisi aina ya Ford. Mtu aliyefanya maandalizi hayo hawezi kusema mguu ulimponyoka kwenye mafuta. Alijua, alikusudia, alinunua vifaa vya kukusudia.

Na mwaka wenyewe uwakumbushe jambo. Ilikuwa ni wakati wa korona. Serikali kuu ilitulegezea masharti ya saa sisi tuliobeba chakula na vifaa vya hospitali, kwa kuwa nchi ilitutegemea. Pennsylvania ilifunga vituo vya kupumzikia hadi madereva wakapiga kelele ndipo baadhi vikafunguliwa. Tulikuwa tunalala popote penye nafasi, tukiwa tumechoka, hospitali zimejaa, wauguzi hawana barakoa za kutosha. Katika wiki hizohizo, wengine waliziona barabara tupu kama bahati, na rekodi ikavunjwa tena na tena. Kwa jumla mwaka huo watu waliendesha kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na bado waliokufa barabarani nchini humu waliongezeka hadi zaidi ya 38,000. Zaidi ya 11,000 kati yao walikufa kwenye ajali zilizohusu mwendo kasi. Sisemi wavunja rekodi ndio waliowaua hao. Nasema barabara tupu ilifundisha watu wengi somo baya, na kuna waliolifundisha kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Kwa nini basi hawashtakiwi? Kadiri ninavyoelewa, sababu ni za kawaida kabisa na zinaweza kurekebishwa. Tangu Bunge la Marekani lilipofuta kikomo cha taifa mwaka 1995, mwendo ni suala la kila jimbo. Safari moja inavuka majimbo kama dazeni, na katika kila jimbo kosa linaonekana dogo, la faini, ambalo askari anatakiwa alishuhudie mwenyewe. Madereva hupokezana, kwa hiyo ni vigumu kusema nani alikuwa usukani maili fulani. Na makosa madogo yana muda wake wa kufunguliwa mashtaka, ukipita, yamekwisha. Wahusika wanalijua hilo vizuri. Rekodi ya Oktoba 2006 ilifichwa karibu mwaka mzima kabla ya kutangazwa.

Fikirini hali hiyo kwa kosa lingine lolote. Mtu anatunza kumbukumbu za satelaiti za kila sekunde, picha za video, mashahidi na risiti za mafuta, ili siku moja athibitishe kwamba alifanya. Anawapa waandishi wa habari. Waandishi wanakagua na kuthibitisha. Na faili hilohilo, ambalo linamtosha mwandishi, halimfikii mwendesha mashtaka hata mmoja kwa wakati.

Ninachowaomba wabunge ni kulitenganisha kosa hili na mwendo kasi wa kawaida. Kuandaa jaribio la rekodi kwenye barabara ya umma, kulifadhili, kuliendesha, au kutangulia mbele na gari lingine ili kuwapasha habari za polisi, liwe kosa moja la jinai lenye jina lake, na muda wa kulishtaki uanze kuhesabiwa siku lilipotangazwa, siyo siku lilipofanyika. Mkifanya hivyo, ule mwaka wa kunyamaza hautamsaidia mtu tena. Jambo hili haliwezi kufanywa na jimbo moja. Likipitishwa Ohio na kukataliwa Indiana, wataanza kuhesabu mpakani. Majimbo mengi tayari yana mkataba wa kupashana habari za makosa ya leseni. Utumieni.

Kwa mwendo wa zaidi ya maili 100, mifano ipo nje ya njia hii. Virginia huhesabu kupita maili 85 kuwa uendeshaji wa hatari, kosa la jinai linaloweza kumfunga mtu hadi miezi 12. Florida tangu Julai 2025 inaweza kumfunga hadi siku 30 aliyezidisha maili 50 au zaidi. Virginia hiyohiyo ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kuruhusu mahakama kuamuru kifaa cha kudhibiti mwendo kifungwe kwenye gari la mtu aliyepatikana na hatia ya kupita 100. Hiki cha mwisho nakipenda kuliko jela. Mtu anabaki na kazi yake na familia yake, ila gari lake halipiti kibao.

Makamanda, kwenu nina neno la tahadhari. Siombi doria zaidi za kumkamata mfanyakazi anayewahi zamu kwa kuzidisha maili sita. Wengi wetu ni wahamiaji, na tunajua kusimamishwa kando ya barabara kunavyoweza kwenda. Watu ninaowasema ni wachache, wanajulikana, wana njia inayojulikana, wanaanzia karakana zilezile za Manhattan na kumalizia hoteli ileile ya Redondo Beach. Hao hawahitaji wavu wa kumkamata kila mtu. Wanahitaji ofisa mmoja katika kila jimbo anayepokea taarifa na kuzungumza na mwenzake wa jimbo linalofuata. Madereva wa malori tunaweza kuwa macho yenu. Tuko barabarani saa zote, na gari linalopita kwa mwendo huo linaitingisha trela yako; huwezi kulikosa. Leo nikipiga simu, ninayeongea naye ananiuliza namba ya gari. Kwa maili 150 kwa saa, usiku, namba haisomeki. Tupeni namna ya kuripoti mahali, saa na uelekeo tu, na ripoti tatu za mfululizo kwenye barabara moja ziwe zinatosha kumwamsha mtu upande wa mbele.

Ninyi wa mitandao ya video, masharti yenu wenyewe yanakataza kuonyesha vitendo vya hatari vinavyoweza kuigwa. Basi yatekelezeni. Sisemi mfute historia, wala mahojiano, wala mijadala kuhusu mbio za 1971. Nasema video ya mtu akiwa ndani ya gari, kwenye barabara ya umma, sindano ikiwa imepita maili 150, isiingize hata senti moja ya matangazo. Rekodi hizi zina gharama kubwa. Matangi, vifaa, matairi. Fedha na umaarufu ndivyo vinavyoirudisha safari inayofuata barabarani.

Na kwa anayeuliza wapenda mwendo waende wapi, jibu lipo na ni halali. Nevada, tangu 1988, hufunga maili 90 za barabara namba 318, kati ya Lund na Hiko, kwa mashindano ya Silver State. Texas nayo hufunga barabara kati ya Fort Stockton na Sanderson kwa mashindano ya namna hiyo. Polisi wapo, magari ya wagonjwa yapo, kila dereva amesaini na amevaa kofia ngumu, na hakuna mtu mwingine njiani. Wapo wanaokwenda kasi kubwa kuliko hawa wa rekodi. Mkiongeza barabara za namna hiyo Oklahoma au Arizona, mimi nitakuwa wa kwanza kuzunguka njia ya mbali siku hiyo bila kunung'unika. Serikali iwatengee mahali, kisha iwe kali kwa wanaopakataa.

Vikao vya kamati za usafirishaji katika majimbo yenu huwa wazi kwa wananchi kutoa maoni. Naomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, Missouri na New Mexico zikianza. Mkiniita nitapanga mzigo wangu upite siku hiyo, na nitakuja na wenzangu. Tunaomba tupewe taarifa wiki mbili kabla, kwa sababu mizigo yetu hupangwa mapema.

Wenu katika ujenzi wa usalama barabarani,

Dereva wa lori, njia ya I-40